Ibada za Kale Zasomwa Ardhini: Kutoka Mipaka ya Rumi Hadi Vilima vya Burundi

Mwacha asili ni mtumwa, walinena wahenga. Lakini kabla mtu hajaiacha asili yake au kuishika, sharti kwanza aijue. Na watu ambao babu zao hawakuandika vitabu wataijuaje asili hiyo, hasa katika jambo la siri kama ibada? Nani atatuambia wazee wa miaka elfu moja au mbili iliyopita walimwomba nani, walimtolea nini, na walikusanyika wapi?

Jibu ni kwamba sehemu kubwa ya habari hizo imo ardhini. Elimu ya kuzitafuta huitwa akiolojia, yaani uchunguzi wa maisha ya kale kwa njia ya vitu walivyoviacha watu: vigae, mifupa, makaa, mavi ya chuma, misingi ya nyumba. Katika makala haya tutatazama jinsi wataalamu wa elimu hiyo wanavyozitambua ibada zilizokwisha kutoweka. Tutaanza mbali, katika mipaka ya Dola ya Rumi, kwa sababu huko askari walijenga mahekalu yao kando ya ngome na ushahidi wake umechimbwa vizuri. Kisha tutaufuata mto Naili kwenda juu mpaka hapa kwetu, penye vilima ambavyo ushahidi wake ungali udongoni na kwenye mizizi ya miti, nao waweza kupotea.

ASKARI WA MPAKANI NA MIUNGU YAO

Dola ya Rumi ililindwa na majeshi yaliyokaa mipakani miaka mingi mfululizo. Kikosi kilichoandikwa nchi moja kilipelekwa kulinda nchi nyingine ya mbali, na askari walipokwenda walichukua silaha zao, lugha zao na miungu yao. Ndiyo maana mpaka wa Rumi ni mahali pazuri pa kujifunza mambo ya ibada.

Kaskazini ya Uingereza, mwaka 122 baada ya Kristo, Kaisari Hadrian aliamuru ujengwe ukuta kutoka bahari moja hadi nyingine, urefu wa kilomita 117 hivi. Mojawapo ya ngome za ukuta huo huitwa leo Carrawburgh. Katika kiangazi kikali cha mwaka 1949, ardhi ya kinamasi iliyokuwa kando ya ngome hiyo ilikauka na kujikunja, na vichwa vya mawe yaliyochongwa vikachomoza. Mwaka uliofuata wataalamu wawili, Ian Richmond na John Gillam, walichimba hapo na kukuta hekalu dogo, jembamba, lenye viti virefu vya ukutani pande zote mbili. Mbele palisimama madhabahu matatu ya mawe, na maandishi yake ya Kilatini yanaeleza kwamba kila moja lilitolewa na mkuu wa Kikosi cha Kwanza cha Wabatavi. Wabatavi hao asili yao ilikuwa kwenye mabonde ya mto Rhine, katika nchi iitwayo leo Uholanzi.

Mungu aliyeabudiwa mle aliitwa Mithras. Jina lake lilitoka upande wa Uajemi, nao Waajemi walikuwa adui wakubwa wa Rumi. Hata hivyo askari wa Rumi walimpenda. Ibada yake ilikuwa ya siri na ya wanaume peke yao, na mtu alipanda ndani yake daraja kwa daraja, saba kwa jumla, mfano wa vyeo vya jeshini. Madhabahu mojawapo lilichongwa sura ya mungu huyo akiwa na miale ya jua kichwani, na miale hiyo ilitobolewa mpaka upande wa nyuma. Taa ilipowekwa nyuma ya jiwe, mwanga ulipenya katika matundu hayo na kumwonyesha mungu aking'aa gizani. Hakuna kitabu kilichosimulia jambo hilo. Ni tundu za jiwe ndizo zilizosema.

Hatua chache tu kutoka hekalu hilo palikuwa na chemchemi iliyojengewa ukuta wa mawe. Ilipochimbwa mwaka 1876 na John Clayton, ilitoa sarafu zaidi ya 13,000, pamoja na madhabahu, pete, pini na shanga. Mwenye chemchemi hiyo alikuwa Coventina, mungu wa kike wa maji ya mahali pale pale. Askari waliotoka mbali walimkuta mwenyeji huyo, nao wakamheshimu. Basi katika ngome moja walikuwapo miungu ya namna mbili: yule aliyekuja na jeshi, na yule aliyekutwa na jeshi. Vitu kama pini na shanga hutukumbusha pia kwamba nje ya ngome waliishi wanawake na watoto, ambao hawakuruhusiwa kuingia kwa Mithras lakini walikuwa na haja zao za kuomba.

Upande wa mashariki ya dola, kwenye mto Frati nchini Syria, palikuwa na mji wa ngome uitwao Dura-Europos. Mwaka 1920 askari wa Uingereza waliokuwa wakichimba handaki katika magofu yake walishtuka kuona picha za rangi kwenye ukuta uliofukiwa. Kamanda wao hakuamuru zifukuliwe ovyo, bali alitoa taarifa, na mtaalamu akaitwa. Miaka michache baadaye ulianza uchimbaji mkubwa, nao ulionyesha jambo la ajabu. Mnamo mwaka 256, walipozingirwa na Waajemi, askari wa Rumi walirundika udongo nyuma ya ukuta wa mji ili kuuimarisha, na nyumba zote zilizokuwa karibu zikafunikwa. Mji ulitekwa, watu wakaondoka, lakini udongo ule ulihifadhi mahali pa ibada pa watu mbalimbali katika mtaa mmoja: hekalu la Mithras, sinagogi la Wayahudi lenye kuta zilizojaa picha, na nyumba ya Wakristo yenye birika la ubatizo, ambayo ni mojawapo ya nyumba za ibada za Kikristo za kale zaidi zinazojulikana duniani. Zaidi ya hayo ilipatikana karatasi ya mafunjo yenye kalenda ya sikukuu za kikosi kilichokaa pale, ikionyesha siku za dhabihu za jeshi.

Tukumbuke habari hii ya Dura-Europos, kwa maana ina mwisho wa kusikitisha ambao tutaurudia.

KANDO YA MTO NAILI

Mpaka wa kusini wa Rumi ulikuwa kwenye Naili, jirani na Aswan ya leo nchini Misri. Mwaka 298 Kaisari Diocletian aliurudisha mpaka huo hadi kwenye maporomoko ya Aswan, penye kisiwa cha Philae na hekalu maarufu la mungu wa kike Isis. Mwishoni mwa karne ya 4 makaisari Wakristo walipiga marufuku ibada za zamani katika dola nzima, lakini Philae iliendelea. Maandishi ya mwisho ya Misri ya kale ya aina ya picha, yenye tarehe, yalichongwa hapo tarehe 24 Agosti, 394.

Sababu ya ibada hiyo kuendelea ilikuwa ya kijeshi. Watu wa upande wa pili wa mpaka, Wablemi na Wanoba, walimheshimu Isis. Walipofanya mapatano na Rumi katikati ya karne ya 5, walipewa haki ya kwenda Philae kuabudu, na kuazima sanamu ya mungu wao waipeleke kwao kwa muda na kuirudisha. Amani ya mpakani ilitegemea jambo hilo. Hekalu lilifungwa katika miaka ya 530 kwa amri ya Kaisari Justinian. Katika miaka ya 1970, wakati maji ya mabwawa ya Aswan yalipolitishia, lilivunjwa jiwe kwa jiwe na kujengwa upya katika kisiwa cha jirani kilicho juu zaidi.

Mbali zaidi kusini, katika Sudani ya leo, ulikuwapo ufalme wa Kushi wenye mji mkuu Meroe. Mnamo mwaka 25 kabla ya Kristo jeshi la Kushi lilivamia mpaka wa Rumi na kuteka sanamu za Kaisari Augustus. Mwaka 1910 mtaalamu John Garstang, alipokuwa akichimba Meroe, alikuta kichwa cha shaba nyeusi cha Kaisari huyo, kimefukiwa chini ya kizingiti cha hekalu. Kila aliyeingia kusali alimkanyaga adui kichwani. Kichwa hicho kimo leo katika jumba la makumbusho la British Museum mjini London.

Msomaji na apime jambo hili. Kama kichwa hicho kingechimbuliwa usiku na mwizi na kuuzwa sokoni, tungekuwa na sanamu nzuri, lakini tusingejua kamwe kwamba ilikuwa chini ya kizingiti. Kitu peke yake ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni mahali kilipolala na vitu vilivyokuwa jirani nacho.

Warumi walijaribu kwenda mbele zaidi. Katika utawala wa Nero, mnamo mwaka 61, kikundi cha askari wa Kaisari kilitumwa kuufuata Naili hadi mwanzo wake, kikakwama katika vinamasi vikubwa vya kusini ya Sudani. Laiti wangepenya, mojawapo ya njia za maji hayo ingaliwafikisha Burundi. Karibu na Rutovu, upande wa Bururi, iko chemchemi ndogo ambayo Mjerumani Burkhart Waldecker aliitambulisha mwaka 1937 kuwa chemchemi ya Naili ya kusini kabisa, na piramidi ndogo ya mawe ilijengwa juu ya kilima chake mwaka 1938. Hapo sasa tumefika nyumbani.

NCHI ISIYO NA JIWE LENYE MAANDISHI

Mchimbaji wa Carrawburgh alisoma jina la mungu juu ya jiwe. Mchimbaji wa Burundi hana bahati hiyo. Wazee wetu walijenga kwa miti, matete na nyasi, na vitu vyao vitakatifu vilikuwa vya mbao, ngozi, vibuyu, maziwa na pombe ya mtama. Mvua na mchwa havikubakiza mengi. Hata hivyo ibada zao hazikuwa ndogo.

Juu ya wote walimtaja Imana, muumba. Katika maisha ya kila siku walimwendea Kiranga, shujaa ambaye simulizi zasema aliuawa na mnyama mawindoni, akawa mkuu wa mizimu iitwayo imandwa. Ibada yake, kubandwa, ilikuwa na kuingizwa kwa siri, na waliokwisha kuingizwa walipewa heshima na majina mapya. Wahutu na Watutsi waliingia pamoja. Mti wake ulikuwa umurinzi, wenye maua mekundu, na jina hilo lina maana ya mlinzi. Ibada hiyo haikujua mipaka ya falme: Rwanda na Unyamwezi shujaa huyo aliitwa Ryangombe au Lyangombe, na kaskazini katika Bunyoro ilikuwapo ibada ya namna hiyo ya Wachwezi. Kama Mithras alivyopita kutoka ngome hadi ngome, ndivyo shujaa huyo alivyopita kutoka kilima hadi kilima, akibadilisha jina njiani.

Pamoja na ibada hiyo ya watu wote, ilikuwapo ibada ya ufalme. Katika Kirundi neno ingoma lina maana mbili, ngoma na ufalme. Ngoma kuu iliitwa Karyenda, nayo ilitolewa katika sherehe ya muganuro, mwezi wa Desemba, mwami alipofungua msimu wa kupanda mtama. Ngoma hiyo ilikuwa na mwanamwali wa kuihudumia, aliyeitwa Mukakaryenda, yaani mke wa Karyenda. Mambo ya siri ya ufalme, pamoja na maziko ya wafalme, yalikuwa mikononi mwa watu walioitwa banyamabanga, wenye siri. Chini ya utawala wa Wabelgiji na mafundisho ya wamisionari ibada hizo zilififia, na muganuro wa kifalme ulikoma mwishoni mwa miaka ya 1920. Ufalme wenyewe ulifutwa mwaka 1966.

Basi kilichobaki ni nini? Kwanza kabisa ni miti. Ua la makao ya mwami lilijengwa kwa nguzo za miti mibichi ya jamii ya mikuyu. Nguzo hizo zilishika mizizi zikachipua, na makao yalipohamwa zikawa miti mikubwa inayoonekana kutoka mbali. Mahali pa namna hiyo huitwa ikigabiro. Miti mitakatifu huitwa pia intatemwa, neno ambalo hata msemaji wa Kiswahili atalielewa, kwa maana kutema mti ni kuukata: ni kitu kisichokatwa. Kwa mchunguzi, kichaka hicho cha miti mikuu juu ya kilima kilicholimwa pande zote ni sawa na ukuta wa hekalu. Huonyesha ua lilipita wapi na lango lilikuwa upande gani.

Mahali panapojulikana zaidi ni Gishora, kilomita saba hivi kaskazini ya Gitega. Simulizi zasema Mwami Mwezi Gisabo, aliyefariki mwaka 1908, alipaanzisha baada ya kumshinda mwasi aitwaye Ntibirangwa. Hapo zilitunzwa ngoma mbili takatifu, Ruciteme na Murimirwa. Majina yao yanahusu kufyeka shamba na kulima kwa ajili ya ngoma, yaani kwa ajili ya ufalme. Wapigaji wa Gishora walirithishana kazi hiyo baba kwa mwana, na mwaka 2014 UNESCO iliingiza ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa tamaduni za wanadamu.

Mahali pa pili, pasipojulikana sana, ni makaburi. Wafalme walizikwa katika nchi ya baridi ya Nkiko-Mugamba, karibu na msitu wa Kibira, na mama zao walizikwa Mpotsa, upande wa Muramvya. Wanahistoria Jean-Pierre Chrétien na Émile Mworoha walitembelea makaburi hayo, wakazungumza na walinzi wake, na mwaka 1970 wakachapisha uchunguzi wao. Walichokikuta ni vichaka vya miti, na watu waliojua kila kichaka ni cha nani. Palipokosekana maandishi, kumbukumbu za walinzi ndizo zilizokuwa maandishi.

GASEKE NA KATURUKA

Je, simulizi za wazee zaweza kuaminiwa? Swali hili si la dharau. Askari polisi hulipokea neno la shahidi, kisha huenda kutazama mahali pa tukio. Akiolojia hufanya vivyo hivyo, na majirani zetu wametupatia mifano miwili mizuri.

Wa kwanza ni wa Rwanda. Mwaka 1969 Mbelgiji Francis Van Noten alichimba huko Gaseke kaburi la Mwami Cyirima Rujugira, aliyetawala katika karne ya 18. Simulizi za mahakama ya kifalme zilisema kwamba mwili wa mfalme huyo ulikaushwa na kutunzwa nyumbani miaka mingi mno, hata ukazikwa katika karne ya 20. Uchimbaji ulimkuta mfalme mwenyewe, na kichwani pake palikuwa na fuawe mbili za chuma. Katika falme za Maziwa Makuu chuma na uhunzi vilikuwa alama za utawala, na fuawe ilikuwa kitu cha mfalme kama fimbo ya enzi. Hapo neno la wazee na neno la udongo yalipatana.

Mfano wa pili ni wa Tanzania, katika kijiji cha Katuruka, kusini ya Bukoba. Hapo palikuwa na mti mtakatifu mahali paitwapo Kaiija, jina linalohusu kufua chuma. Wazee walisimulia kwamba Mukama Rugomora Mahe, aliyetawala katika karne ya 17, aliamuru wahunzi wamjengee mnara wa chuma ili afike mbinguni, nao ukaanguka. Msomi Mmarekani Peter Schmidt aliyasikiliza masimulizi hayo kwa makini, na mwaka 1970 alichimba mahali walipomwonyesha. Alikuta shimo la kufulia chuma, pamoja na vigae vya vyungu vya kale vyenye mapambo, vya aina iitwayo Urewe. Umri wa makaa ulipopimwa, ilionekana kwamba kazi hiyo ilifanyika zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, muda mrefu mno kabla ya Rugomora Mahe.

Je, wazee walikosea? Hapana. Walihifadhi ukweli kwamba hapo palifuliwa chuma, ingawa walimpa sifa mfalme wa baadaye. Schmidt alieleza kwamba ukoo mpya wa kifalme ulipafanya kuwa pake mahali palipokuwa patakatifu kwa koo za wahunzi tangu zamani. Ni jambo lile lile la chemchemi ya Coventina: mwenye nguvu akija, mara nyingi huwekea jina lake mahali ambapo wenyeji wamekwisha kupaheshimu. Burundi nayo ina matanuri ya kale ya chuma yenye vyungu vya aina hiyo hiyo ya Urewe, yaliyochunguzwa na wataalamu katika karne ya 20, lakini uchimbaji mahali pa ibada haujafanywa kwa wingi unaostahili.

Msomaji huenda akauliza umri wa makaa hupimwaje. Kila kitu chenye uhai hupokea kutoka hewani aina ya kaboni inayopungua kidogo kidogo. Mti ukikatwa, haupokei tena, na kiasi kilichomo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi. Mtaalamu akipima kilichosalia katika kipande cha makaa, aweza kukadiria mti ulikatwa lini. Kipande kidogo kinachoweza kukaa katika kiganja cha mtoto kinatosha. Lakini sharti makaa hayo yawe yametoka pale pale yalipolala, bila kuchanganywa na majivu ya jikoni ya jana.

KINACHOWEZA KUPOTEA

Tulisema Dura-Europos ina mwisho wa kusikitisha. Vita vilipozuka Syria mwaka 2011, waporaji waliingia magofuni wakachimba usiku na mchana kutafuta vitu vya kuuza. Picha zilizopigwa kutoka angani mwaka 2014 zilionyesha uso wa mji ule umejaa maelfu ya mashimo, umeparazwa kama ngozi yenye ndui. Udongo uliorundikwa na askari ulikuwa umelinda mahekalu kwa zaidi ya miaka 1,650. Miaka mitatu ya uporaji ilitosha kuuharibu.

Kwetu hatari ni ya namna nyingine. Haiji na wezi wengi, kwa kuwa hatuna dhahabu makaburini. Huja na shoka na jembe, na haja za kweli za watu. Vilima vyetu vina watu wengi na mashamba madogo. Mti mkubwa wa ikigabiro hutoa kuni za miezi, na udongo wake ni mzuri kwa matofali. Mwenye shamba hana nia mbaya. Haoni hekalu, anaona kivuli kinachozuia maharagwe yake. Lakini miti hiyo ikikatwa na visiki kung'olewa, ramani ya ua la kale imefutwa.

Hatari ya pili ni kufa kwa wazee. Mkoa wa Kagera, ambako Katuruka iko, ulikumbwa vibaya na ugonjwa wa UKIMWI tangu miaka ya 1980, na wengi waliokuwa na masimulizi walifariki bila kuyarithisha. Schmidt aliporudi huko baada ya miaka mingi, wanakijiji wenyewe walimwomba ashirikiane nao kukusanya yaliyobaki, na ikaonekana kwamba wanawake wazee walihifadhi mambo mengi ambayo wachunguzi wa kwanza hawakuwauliza. Burundi nayo ilipoteza watu wengi mno katika vita vilivyoanza mwaka 1993 na katika mauaji ya kabla yake, ya mwaka 1972. Kila aliyejua kichaka fulani ni cha nani, akiondoka bila kuulizwa, ameondoka na ukurasa ambao hauna nakala.

Mwaka 2007 Serikali ya Burundi iliwasilisha UNESCO majina ya mahali panapofikiriwa kwa Orodha ya Urithi wa Dunia, miongoni mwao Gishora na nchi takatifu za Muramvya, Mpotsa na Nkiko-Mugamba. Huo ni mwanzo mzuri. Lakini jina katika orodha ya kusubiri si uzio. Uzio halisi ni jirani anayejua thamani ya mahali.

Wako watakaouliza: je, kuyatunza haya si kuzirudisha ibada ambazo Mkristo na Mwislamu wameziacha? La, hasha. Anayetunza hekalu la Philae hamwabudu Isis, na anayesoma madhabahu ya Carrawburgh hamtolei Mithras dhabihu. Kujua babu yako aliomba vipi si kuomba kama yeye. Ni kumpa haki yake ya kujulikana kuwa alikuwa mtu mwenye fikira, hofu na matumaini, wala hakuwa mtu wa giza tupu kama ilivyoandikwa na baadhi ya wageni.

YATUPASAYO

Kazi hii si ya wasomi peke yao. Askari huchimba mahandaki na misingi ya kambi. Polisi hufika mahali kabla ya mtu mwingine. Mama hulima shamba lile lile miaka ishirini, na jembe lake hugusa vitu ambavyo hakuna mtaalamu aliyeviona. Basi tushike mambo haya machache.

Ukiona vigae vingi pamoja, hasa vyenye mistari iliyochorwa au vyenye kibonyeo kitakoni, au mavi ya chuma, au fungu la shanga, simamisha jembe mahali hapo. Usivisugue wala kuviosha, na usivigawe kwa watoto wavichezee. Weka alama ya kijiti, kumbuka kina cha shimo, kisha toa taarifa kwa mkuu wa kilima au ofisi ya komini, ili habari ifike kwa wenye kazi hiyo, kama Makumbusho ya Taifa ya Gitega, yaliyoanzishwa mwaka 1955.

Ukiona mifupa ya mtu, usiiguse hata kidogo. Yaweza kuwa kaburi la kale, na yaweza kuwa ya mtu aliyeuawa katika miaka tunayoikumbuka. Yote mawili ni mambo ya kuangaliwa na wenye mamlaka, tena kwa heshima.

Ukitaka kukata mti mkubwa wa zamani ulio peke yake kilimani, uliza kwanza wazee: mti huu ni wa nani? Swali hilo moja laweza kuokoa historia ya ukoo mzima. Na jibu lake liandikwe katika daftari ya mtoto wa shule, pamoja na jina la kilima, jina la mzee na tarehe. Daftari hiyo siku moja itakuwa na thamani kama jiwe lile la Carrawburgh lenye Kilatini.

Hali kadhalika, tusiwaulize babu peke yao. Tuwaulize na bibi, kwa maana wao ndio waliopika, waliofinyanga vyungu, na waliojua chungu gani kilitengwa kisiguswe na watoto. Aghalabu ibada ya nyumbani iliachwa mikononi mwao, na ibada hiyo ndiyo ambayo mchimbaji huishindwa zaidi kuiona, kwa kuwa iliacha chungu kidogo na mawe matatu tu.

Handaki la askari lilifunua Dura-Europos kwa sababu kamanda wake alisimama akatoa taarifa. Vilima vyetu vina mahandaki, mashamba na misingi ya nyumba kila siku. Kinachotakiwa ni mtu wa kusimama, kutazama, na kwenda kumuuliza mzee wa kilima kabla ya jua kuchwa.